Ada ya Klabu ya Pili

Mke wangu alikuwa na usemi wake kuhusu gofu: klabu moja ni ujinga unaomtosha mtu mmoja. Sasa mimi nilikuwa nautaka ujinga wa pili, na sikuwa na wa kumwambia, kwa sababu mwenye usemi hakuwepo nyumbani.

Alikuwa amekwenda ng'ambo kwa kitinda mimba wetu kumsaidia kulea. Miezi mitatu tu, alisema, mtoto akaze shingo. Mtoto akakaza shingo, akakaa, akatambaa, akasimama dede, na sasa anakimbia na kufungua makabati, lakini bibi yake bado yuko huko huko. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilidhani jembe ni njia ya kumkumbusha mgeni kwao. Kumbe mama mzazi ukimpa jembe ndipo anapohamia.

Simlaumu binti yangu. Basi, namlaumu kidogo. Ana kazi, ana mume anayesafiri, ana mtoto asiyejua kulala. Angemwachia nani? Lakini na mimi nilikuwa na nyumba yenye vyumba vinne na sauti ya friji.

Siku ya kuondoka, mke wangu alikuwa amekalia sanduku ili lifunge, mimi nikihangaika na zipu. Akaniuliza kutokea huko juu, "Mzee, wewe utabaki na nani?"

"Nina wenzangu," nikamjibu. "Gofu haiendi popote."

"Una hakika?"

"Mama, kalia vizuri, zipu inateleza."

Akakalia vizuri. "Mradi una wenzako," akasema, "roho yangu imetulia."

Na siku hiyo nilisema kweli. Tulikuwa wanne kwa miaka mingi, mpaka watu wa klabu wakimwona mmoja wetu dukani waliuliza wale watatu wamekwama wapi. Mimi nilifanya kazi idara ya maji mpaka nikastaafu, kwa hiyo naitwa Bomba. Kulikuwa na Jaji, ambaye alihukumu watu maisha yake yote na hakuweza kuamua achukue fimbo gani. Kulikuwa na Godoro, mwenye duka la magodoro, aliyesinzia katika kila mkutano wa klabu kana kwamba anatangaza biashara. Na kulikuwa na Daktari. Daktari alikuwa wa mifugo, lakini kikohozi chetu na shinikizo letu la damu alivitibu yeye, na hatukufa. Aliyekufa ni yeye. Mke wangu alipokuwa anapanda ndege tulikuwa tumeshamzika, na tulikuwa tumebaki watatu, ambao bado ni watu wa kutosha.

Kisha Jaji akachukuliwa na mwanawe akaishi naye. Kisha magoti ya Godoro yakagoma. Yote mawili yalitokea kabla mvua hazijaisha, na mimi nikajikuta nimesimama penye kianzio cha shimo la kwanza na mfuko wa fimbo, hakuna wa kumwambia "tangulia wewe".

Lazima niwaeleze jambo ambalo wasiocheza hawalijui. Kwenye klabu yetu ya zamani kuna desturi kwamba mchezaji aliye peke yake hana haki uwanjani. Si tusi, hakuna anayekuchukia. Wakija wawili nyuma yako, unasogea kando wapite. Wakija watatu, unasogea. Wakija wanne wanaopiga mipira vichakani na kucheka, unasogea, nao wanakupungia mkono, unawapungia. Na ukimaliza mashimo yote, kadi yako haihesabiki, kwa sababu kadi hutiwa sahihi na mtu aliyekuona ukicheza. Mwaka mzima nilicheza, na kwa kumbukumbu za klabu sikucheza hata mara moja. Mtu mmoja, kwa desturi yetu, ni kama hayupo.

Vijana? Wamo, tena wengi, na wana adabu. Wananiita Mzee wetu. Wana makundi yao ya watu wanne wanne yaliyopangwa kwenye simu, na kundi la wanne halina kiti cha tano. Niliwahi kuambiwa, "Mzee, siku tukipungukiwa tutakushtua." Hawakuwahi kupungukiwa.

Ndivyo nilivyoanza kucheza mipira miwili. Mwanzo ilikuwa ni kupoteza muda tu wakati nikiwapisha watu. Mjane wa Daktari alikuwa amenipa mipira ya marehemu, imejaa ndani ya soksi ndefu, kila mmoja una alama yake: pembe mbili ndogo za ng'ombe kwa wino mwekundu. Sote tulikuwa na alama ili tusigombane nani ni nani majanini. Nikawa napiga mpira wangu, kisha naweka wa Daktari na kuupiga kama alivyokuwa akipiga yeye. Mimi hupiga kwa nguvu na kuomba Mungu. Daktari alipiga kidogo, sawasawa, kama mtu anayemsukuma ng'ombe asogee tu. Nikawa naandika alama zangu na zake.

Kwa wiki za mwanzo nilikuwa namshinda. Baadaye akaanza kunishinda yeye. Msinicheke. Nilikuwa narudi nyumbani nimenuna, nimeshindwa na mtu aliyekufa ambaye mikono yake ni yangu.

Jioni mke wangu alikuwa akipiga simu, na kila mara aliuliza lile lile. "Umecheza na nani leo?"

"Na Godoro," nilisema. Godoro wakati huo amekaa dukani kwake, amezungushiwa bandeji magotini, anabishana na mteja kuhusu unene wa sponji.

"Msalimie sana."

"Zimefika."

Salamu za Godoro zilizokwama kwangu zingejaza ghala lake. Kwa nini sikusema kweli? Kwa sababu nilimtaka arudi. Nilimtaka mpaka nilikuwa naweka redio jikoni iongee nikila. Lakini nilitaka arudi mwenyewe, kama mtu anavyorudi kwake, bila kuitwa. Kumwita ni kuomba, na mimi kuomba sikufundishwa. Nikisema niko peke yangu, angerudi kwa huruma, na sikutaka kukaa meza moja na huruma. Kwa hiyo nilimwambia nina watu, nikakaa kusubiri achoke kukaa kwa mwanawe. Hakuchoka.

Ile klabu ya pili niliiona nikitoka kwa daktari wa macho. Iko nyuma ya kiwanda cha saruji, mpya, miti yake bado imefungwa kwenye fito. Niliingia kuomba choo, nisidanganye, umri una mambo yake. Pale ukutani nikaona tangazo, nikalisoma hadi mwisho kwa miwani mpya. Klabu ile ina utaratibu wake: asubuhi kila aliyefika anatupa mpira wake ndani ya ndoo, mhudumu anaitoa mipira bila kuangalia, mitatu mitatu, na wenye mipira hiyo wanacheza pamoja. Awe waziri, awe fundi, ndoo haijui. Chini kulikuwa na mstari mmoja: Hapa hakuna anayecheza peke yake.

Nilisimama mbele ya mstari ule mpaka mfagiaji akaniuliza kama nimepotea.

Kisha nikauliza ada. Sitaitaja, inanichoma. Niseme tu kwamba ada ya kujiunga peke yake ingetosha kuezeka nyumba yangu upya, na nyumba yangu inahitaji kuezekwa upya. Baada ya hapo kuna ya kila mwaka, ulipe ucheze, ulipe usicheze.

Nikaenda kwa Godoro. Duka lake ni chumba kirefu, magodoro yamesimamishwa kushoto na kulia, katikati njia ya mtu mmoja, na mwishoni yeye, amekalia la bei ya juu kuliko yote.

"Hebu nielewe," alisema nilipomaliza. "Una klabu unayoilipia na huna wa kucheza naye. Dawa yake ni kulipia mbili."

"Ile ya pili ina watu."

"Basi hama. Acha ya kwanza."

"Siwezi kuiacha."

"Kwa sababu gani?"

Sababu aliijua. Ukutani kwenye klabu ya zamani, mlangoni pa chumba cha chai, kuna ubao wa washindi, na mwaka mmoja, mmoja tu, majina manne yamekaa pamoja kwa herufi za dhahabu. Mimi nikitoka, hakutakuwa na hata mmoja kati ya wale wanne anayepita chini ya ubao ule.

"Mimi siwezi kutembea mashimo mawili," Godoro alisema, sasa kwa upole. "Unalijua hilo. Ningeweza, ningekuja hata kwa kutambaa."

"Sijakulaumu."

"Najua hujanilaumu. Umekuja kuniomba ruhusa." Akabonyeza godoro kwa kiganja kama mtu anayemtuliza mtoto. "Bomba, kwa nini usimwambie mkeo arudi? Hiyo haina ada."

"Wewe uza magodoro," nikamwambia.

Akacheka, nami nikacheka, kisha tukakaa tukiangalia njia. Mteja akaingia, akauliza kama kuna mito, na Godoro akaniaga kwa jicho. Nikatoka.

Klabu ya pili hukubali mgeni kucheza mara moja kabla hajajiunga, aonje. Nikapiga pasi suruali mwenyewe, mikunjo ikawa miwili kila mguu, nikaenda. Nikatupa mpira wangu ndani ya ndoo pamoja na ya wengine, na moyo ulinienda mbio kama wa mwanafunzi anayesubiri kuchaguliwa timu ya mpira. Mhudumu akatoa mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa mama mmoja mrefu mwenye kofia nyeupe, ambaye ndiye nahodha wa klabu yao. Wote humwita Nahodha, hata mumewe. Wa pili ulikuwa wa bwana mmoja mnene mpole, muuza vioo vya madirisha. Wa tatu ulikuwa wangu.

"Karibu sana mgeni," Nahodha akasema. "Mgeni hutangulia."

Nikaweka mpira kwenye kianzio. Nyuma yangu kulikuwa na watu wawili wamesimama kimya kwa ajili yangu. Nilikisikia kile kimya mgongoni, na kilinipa raha ambayo nilikuwa nimeisahau. Nikapiga. Mpira ukaenda juu, ukaenda mbali, ukatua katikati ya njia, mahali ambapo kwa mwaka mzima hakuna mpira wangu uliotua.

"Safi," akasema Muuza Vioo.

Na mimi, mkono wangu ukaingia mfukoni kwa mazoea, ukatoa mpira mwingine, ukauweka palepale, nikasogeza miguu, nikapiga kidogo, sawasawa, kama anayemsukuma ng'ombe.

Niligeuka nikawaona wananitazama.

"Mzee," Muuza Vioo akasema taratibu, "ule wa kwanza ulikuwa na kosa gani?"

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Nahodha naye alikuwa ameshajua, na alikuwa mtu wa kanuni, niliona anavyotafuta namna ya kusema bila kumwaibisha mgeni. Nikamwokoa. Kanuni naijua, nimewafundisha wengi: ukipiga mpira wa pili kutoka kianzio bila kutangaza kwamba ni wa akiba, ule wa kwanza umekufa hapo hapo. Hata uwe mzuri namna gani. Wa pili ndio unaocheza, na tayari umehesabiwa mipigo mitatu.

"Ni kosa langu," nikasema. "Ninacheza na huu wa pili."

Tukatembea. Nilipofika kwenye mpira wangu, ule mzuri, nikainama nikauokota na kuutia mfukoni. Mbele kidogo, majanini, ulikuwepo mwingine na pembe zake nyekundu. Mpira wangu ulikuwa umekufa, na wa marehemu ndio uliokuwa hai. Nikaucheza huo mpaka mwisho.

Muuza Vioo alivumilia mashimo mawili. Kwenye la tatu, tukimsubiri Nahodha atoke mchangani mpira wake ulikokwama, akauliza, "Hizi pembe ni alama yako?"

"Ni ya rafiki yangu."

"Yuko wapi yeye?"

"Amekufa."

Akautazama mpira uliokuwa umekaa karibu na shimo, mahali pazuri kuliko mipira yote mitatu. "Anacheza vizuri," akasema.

Nilicheka mpaka nikalazimika kuegemea fimbo. Nahodha akatoka mchangani akauliza kuna nini, Muuza Vioo akasema hakuna kitu, ni mambo ya wanaume watu wazima. Baada ya hapo mambo yakalainika. Waliniambia "mzuri" mpira ukiwa mzuri. Mpira ulipozama kwenye bwawa, Nahodha alisema, "Pole sana," na nilikuwa nimesahau kabisa jinsi pole inavyosikika ikitoka kwa mtu aliyesimama karibu nawe. Kwenye simu haiwi vile. Nilitaka kuupiga mwingine uzame, nipewe pole tena.

Hakuna aliyetutaka tusogee kando. Watu wa nyuma walitusubiri. Walitusubiri mpaka na mimi nilipomaliza, nikiwa wa mwisho.

Tulipokaa kunywa chai, Muuza Vioo akachukua kadi yangu, akaihakiki shimo kwa shimo akihesabu kwa midomo, akatia sahihi. Alama zilikuwa mbaya. Niliiangalia ile sahihi, nikaona macho yananichezea, nikasingizia miwani mpya.

Nahodha akanisogezea fomu ya kujiunga. "Hatukulazimishi," alisema. "Wiki ijayo ndoo ipo hapa hapa. Ila ningekuomba jambo moja."

"Sema."

"Ukija kwetu, uje na mpira mmoja."

Hakusema kwa ukali. Nikamwambia nimeelewa, na kweli nilielewa. Kule nilikuwa na marehemu na sina watu. Huku ningekuwa na watu. Ada ilikuwa kubwa, lakini niliendesha gari kurudi nyumbani nikiwa nimekwisha kuamua: paa lisubiri, beseni lipo.

Jua lilikuwa halijazama simu ilipolia. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, natoa udongo kwenye viatu kwa kijiti. Nikaipokea kwa furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikuwa na jibu.

"Umecheza na nani leo?"

"Na mama mmoja nahodha, na bwana mmoja muuza vioo."

"Muuza vioo?" Nilisikia maji yanatiririka, alikuwa anaosha vyombo. "Huyo ni mgeni kwangu. Wa klabu yenu?"

"Wa klabu nyingine. Nataka nijiunge."

Akacheka sana. "Ya pili? Mzee, ya kwanza imekuishia utamu?" Kisha akasema, "Lakini si vibaya. Na Godoro je, mnahama wote?"

Ningesema ndiyo. Ulimi ulikuwa umeshazoea njia hiyo. Lakini ukweli ukishauonja asubuhi, uongo wa jioni unakosa ladha.

"Godoro hajashika fimbo tangu mwaka jana," nikasema. "Magoti."

Maji yakaendelea kutiririka kidogo, kisha yakafungwa.

"Si juzi tu uliniambia umecheza naye?"

"Nilikuambia."

"Na Jaji?"

"Jaji anaishi kwa mwanawe. Siku nyingi."

"Sasa muda wote huu ulikuwa unacheza na nani?"

"Peke yangu," nikasema. Sikumtaja Daktari, kuna mambo hayaelezeki kwa simu.

Nikasikia mlango unafungwa, na kelele za nyumba zikabaki upande wa pili. Alikuwa ameingia chumbani. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini na karibu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaniuliza nimecheza na nani. Hujawahi kuniuliza kama nataka urudi."

"Ningeuliza vipi?" Hapo akakasirika, na mke wangu akikasirika huwa hapazi sauti, huongea polepole. "Kila jioni nakupigia, kila jioni una watu. Leo Godoro, kesho Jaji, mnacheka, mmekunywa chai. Nikikata simu nakaa hapa kitandani nasema, huyu mwanamume hata hajaona kama sipo. Miezi ile ya kwanza nilikuwa nasubiri useme, hata kwa utani. Sanduku sikulifungua lote. Nguo zangu nusu zilikaa humo."

Kijiti kilikuwa kimevunjika mkononi.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa nimezoea, Mzee. Nguo ziko kabatini. Mtoto halali bila mimi. Mama yake amechukua kazi ya zamu kwa sababu mimi nipo, na amepandishwa cheo kwayo. Nimejua soko, nimejua jirani. Ukisema nirudi, nitarudi. Kwangu ni huko. Lakini useme wewe, kwa mdomo wako. Kubahatisha nimechoka."

Nilijua la busara. La busara lilikuwa pale kwenye kiti cha gari, fomu ya Nahodha, kurasa mbili. Niijaze, nilipe, na wiki ijayo niwe na watu wa kuniambia pole. Binti yangu abaki na cheo chake, mjukuu abaki na bibi yake, mke wangu abaki na jirani yake. Asingeumia mtu yeyote. Ingeumia akiba yangu tu, na akiba haina machozi. Baba mwema angesema, kaa mama, mimi nimeshapata wenzangu.

"Rudi," nikasema.

Nilimsikia akivuta pumzi. "Haya," akajibu. Haikuwa haya ya furaha wala ya chuki. Ilikuwa ya mtu aliyeambiwa gari limefika.

Hakukata simu. Aliiweka mahali, labda kitandani, akafungua mlango, na kwa mbali nikamsikia anasema, "Baba yako anataka nirudi."

"Amesema hivyo?" Ilikuwa sauti ya binti yangu. "Baba? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Kisha binti yangu akauliza, bila hasira yoyote, na ningependa angekuwa na hasira, "Sasa na zamu zangu nitafanyaje, mama?"

Mtoto aliita bibi, akaita tena, na nikasikia kiti kikisogezwa, na mtu akipenga kamasi.

Kwa wiki nyingi nilikuwa nimepiga hesabu ya ada ile ya klabu, nikiigeuza huku na huku kama mtu anayechagua nazi. Hii nyingine sikuuliza bei, na sasa nilikuwa nasikia wanaoilipa. Klabu ndiyo ilikuwa rahisi. Nilikuwa na nafasi ya kughairi. Ningepaza sauti tu, wangenisikia. Nilikaa pale kwenye ngazi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, na sikupaza sauti.

Akairudia simu. "Upo?"

"Nipo," nikasema. "Unafika lini?"